Dakika Hamsini na Moja za Verna Stallcup

Kwa miaka thelathini na mmoja Verna Stallcup aliwajua watu wa kaunti ya Ebbert kwa masinia yao ya chakula. Mtu akilazwa, jina lake lilishuka jikoni kwenye kikadi: huyu hana chumvi, huyu hana sukari, huyu vitu laini tu mpaka daktari aseme. Verna alikuwa akisukuma toroli wodi hadi wodi, na kwa vile alisimama upande wa nyuma wa toroli, alizoea kuvisoma vile vikadi vikiwa kichwa chini miguu juu, upesi kuliko wengine wanavyosoma maandishi yaliyokaa sawa. Curtis Lathem, mwenyekiti wa bodi ya hospitali, anayetembea mjini kana kwamba milima ya Ozark aliipanga yeye, kwa Verna alikuwa mtu wa jeli ya ndimu, siku nne mfululizo, mwaka alipopasuliwa nyongo. Alilia kwa maumivu mbele ya sinia, mwanamume mzima. Verna alimpangusa, akamwachia kijiko, na hakumsimulia mtu hata mmoja.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kufunga mdomo na kufungua mikono. Msiba ukitokea Ebbert, kabla maiti haijapoa Verna alikuwa mlangoni na bakuli la viazi vya kuoka na jibini. Huko kila bakuli la msiba lina jina la mwenyewe chini yake, limeandikwa kwenye utepe wa gundi, na mfiwa akishapata nguvu hulirudisha yeye mwenyewe kwa mwenye bakuli, mkono kwa mkono. Hutumi mtu. Na aliyeleta bakuli haulizi, hata likikaa mwaka. Verna alikuwa ameshapeleka mabakuli hayo katika nusu ya nyumba za kaunti, na mwezi wa tatu mwaka huu yakamrudia yeye. Yalifika kumi na sita. Aliyasafisha, akayapanga juu ya meza ya chakula, akayaacha hapo miezi mitatu, maana kuyarudisha ni kukiri kwamba mumewe Dwight amekufa kweli.

Sasa habari ya hospitali. Hospitali ile waliijenga wakulima na wapasua mbao wa Ebbert kwa kodi zao wenyewe, enzi za baba zao. Miaka sita iliyopita bodi iliikodisha kwa kampuni iitwayo Tarrowmere, ambayo wenyewe hawajawahi kuonekana Ebbert hata kwa bahati mbaya. Walikuja watu wa suti na picha kubwa za wauguzi wanaotabasamu. Mwaka wa kwanza ikafungwa wodi ya wazazi. Mwaka wa tatu ikaondolewa sehemu ya dobi. Mwaka huu Januari idara ya dharura ikawa haifunguliwi Jumamosi na Jumapili, kana kwamba moyo wa mtu nao huenda mapumziko ya wikiendi. Aprili jiko la Verna likazimwa, chakula kikawa kinakuja na lori, kimegandishwa. Na sasa Tarrowmere walitaka kuifunga idara ya dharura moja kwa moja. Mkataba ulisema lazima bodi ikubali, na lazima kwanza wananchi wasikilizwe.

Wananchi walikuwa wameshajaribu kusikilizwa kila mahali. Waliandika kwa seneta wao, yule aliyekula pai tatu kanisani kabla ya uchaguzi akaapa kwamba hospitali haitaguswa, wakajibiwa kwa barua yenye saini ya mashine. Walimpigia mbunge wao kule Washington, ikapokea sauti ya mashine pia. Kwa miaka minne Harlan Pruett, mwenye duka la chakula cha mifugo, na muuguzi Rhonda Uhlmann walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mabango ya uchaguzi, moja jekundu la chama hiki kwenye bustani hii, moja buluu la chama kile kwenye bustani ile. Halafu gazeti likachapisha orodha ya wanasiasa waliochangiwa kampeni na Tarrowmere, na kumbe wamo wa pande zote mbili. Harlan aling'oa bango lake akalitumia kuziba tundu la banda la kuku. Rhonda alipopita akaliona, akacheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku hiyo wakaanza kusalimiana. Wote wawili walikuwa wamechezewa shere na watu walewale.

Verna, yeye, alikuwa amefungwa mdomo kwa karatasi. Siku jiko lilipozimwa, wafanyakazi wa hospitali, wapishi na wauguzi, waliitwa mmoja mmoja chumbani, kila mtu akawekewa hati mbele yake. Ukitia saini, bima yako ya afya inaendelea. Kwa Verna ingeendelea miaka mitatu, mpaka afike sitini na tano na aingie kwenye bima ya serikali. Na wewe kwa upande wako hutasema neno baya juu ya kampuni, kwa mdomo wala kwa maandishi, mbele ya mtu yeyote. Ukisema, bima inakatika siku hiyohiyo. Verna ana kisukari tangu utotoni, kile cha kuchoma sindano ya insulini kila siku, na insulini bila bima Marekani bei yake haishikiki. Alitia saini. Rhonda naye alitia saini. Ungekuwa wewe, na una mwili wa Verna, ungetia pia.

Kwa hiyo kikao cha wananchi kilipotangazwa, Alhamisi ya Juni, saa kumi na moja na nusu jioni, ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari, kila mtu alijua kwamba Verna, aliyeumia kuliko wote, ndiye asiyeweza kusema.

Ila Verna alikuwa amesoma kanuni za kikao kwenye ubao wa posta. Kila mwananchi dakika tatu. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: mwananchi aliyejiandikisha aweza kumwachia mwenzake dakika zake. Curtis Lathem ndiye aliyeiingiza kanuni hiyo mwaka juzi, ili mtaalamu wa Tarrowmere aongee nusu saa huku wafanyakazi wa kampuni wakimwachia dakika zao. Verna aliisoma mara mbili, akaenda nyumbani, akayatazama yale mabakuli.

Siku ya pili alianza kuyarudisha. Alibisha kwa Harlan kwanza, bakuli kifuani.

"Shemeji!" Harlan alimwita hivyo kwa kuwa Dwight alikuwa sahibu yake wa kuvua samaki. "Bakuli tu ndilo limekuleta? Si ungekaa nalo, mbona ninayo mengine."

"Nimelileta, na nina ombi. Alhamisi utajiandikisha?"

"Nitajiandikisha na nitawatukana mpaka waote jasho."

"Usitukane. Nipe mimi dakika zako tatu."

Harlan akamtazama. "Verna, wewe si umetia saini? Yule wakili wao atakuwepo, Keesling, kakaa pale na daftari kama karani wa siku ya kiyama. Neno moja tu likikuponyoka, insulini yako imekwenda na maji."

"Sitasema habari za kampuni. Nitasema habari za barabara."

"Barabara gani?"

"Ya Carrick," alisema Verna. Carrick ndiko iliko hospitali ya jirani, na Harlan hakuuliza tena.

Wote walimpa, nyumba kumi na tano. Mabakuli kumi na tano, dakika arobaini na tano. La mwisho lilikuwa la Rhonda. Huyo alilipokea mlangoni.

"Dada Verna, mimi nimetia saini kama wewe. Nina watoto wawili, na mdogo ana pumu. Siwezi kusimama mbele ya wale watu."

"Husimami. Unaandika jina lako kwenye karatasi ya mlangoni, kisha unaandika langu. Basi."

Rhonda aligeuza bakuli akautazama utepe wenye jina lake. Kisha akasema, "Hiyo naweza," na akafunga mlango haraka, maana machozi yalikuwa yameshafika.

Alhamisi ikafika. Jua la Juni lilikuwa bado kali kwenye madirisha ya juu, na viti vya ngazi vilijaa mpaka juu kama siku ya fainali ya mpira wa kikapu. Bodi ya watu watano ilikaa kwenye meza ndefu chini ya goli. Mbele yao kilisimama kipaza sauti, na kando yake taa ndogo ya rangi tatu: kijani ongea, njano malizia, nyekundu nyamaza. Karibu kabisa na kipaza sauti ilikuwa meza ya katibu, imejaa makaratasi. Wakili Keesling alikaa safu ya mbele, mtu wa makamo, viatu vinang'aa, daftari juu ya goti. Nyuma yake walikaa watu wa Tarrowmere wanne, wote na simu mkononi.

Katibu alisoma orodha, akasita. "Verna Stallcup. Dakika tatu zake, na... ameachiwa na watu kumi na sita. Jumla dakika hamsini na moja."

Ukumbi ukanong'ona. Curtis Lathem aliinamia kipaza sauti chake. "Bi. Stallcup, hii si kawaida."

"Kanuni ni yako, Curtis," alisema Verna. Alishika kile chuma cha kipaza sauti kwa mikono miwili kama alivyokuwa akishika toroli. Taa ikawaka kijani. Huko, yeyote anayesimama mbele ya bodi lazima kwanza ataje jina na anwani, yaingie kwenye kumbukumbu. Akataja. "Verna Jean Stallcup. Nambari mia nne na kumi na mbili, barabara ya Sawmill. Nitasema habari za barabara ya kwenda Carrick, kwa mwendo nilioiendesha siku ile. Mahali nilipokuwa kimya nitakuwa kimya. Nawaomba mnivumilie."

Keesling alifungua kalamu.

"Ilikuwa Jumamosi ya Machi, saa saba mchana. Dwight alikuwa akipasua kuni. Aliingia ndani akasema kifua kinambana kama kimekaliwa na ndama. Nikapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa pili wa kaunti, nikaambiwa ningoje dakika arobaini. Nikamtia kwenye pikapu. Na hapa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikushika njia ya Carrick. Nilijua ni Jumamosi. Nilijua mlango wa dharura umefungwa, nilijua kuliko nyote. Lakini miaka thelathini na mmoja, mikono yangu ikipata shida inakwenda pale. Nikafika mlangoni, nikavuta. Kulikuwa na karatasi imebandikwa: Hakuna huduma ya dharura leo. Niliibandika mimi mwenyewe Ijumaa nilipotoka kazini, kwa utepe wa gundi wa jikoni kwangu. Ule tunaoandikia mabakuli."

Kalamu ya Keesling ikapanda juu, ikangoja.

"Sisemi nani aliniambia niibandike," alisema Verna, akimtazama usoni. Mtu mmoja kule juu akacheka kicheko kifupi kikali, kikafa. "Hapo ndipo nianzapo kuhesabu. Mlangoni. Dakika ya kwanza."

Akanyamaza. Kila mtu akatazama saa kubwa ya ukutani, ile ya mechi, nambari zake nyekundu zikibadilika. Dakika ni ndefu mno ukikaa ukiitazama. Watu wa Tarrowmere walirudi kwenye simu zao.

"Dakika ya tatu. Duka la Harlan. Dwight anasema, punguza mwendo, Harlan ataona tunakimbia atadhani tumemwibia." Sauti yake ilikuwa tambarare, ileile ya kusema nani hana chumvi. "Dakika ya nane. Mlima. Simu haishiki. Napiga, haishiki. Dwight anasema mkono unamuuma. Ananiuliza nimefunga mlango wa banda. Namwambia nimefunga. Sikuwa nimefunga."

Kimya tena. Dakika ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Mtoto akalia kule nyuma, akatulizwa. Curtis Lathem alikuwa akigeuzageuza kalamu, na dakika ya kumi na tatu uvumilivu ulimwishia.

"Bi. Stallcup, sote tunakupa pole. Dwight nilimfahamu. Lakini sioni haya yanahusianaje na ajenda."

"Kanuni haisemi nizungumze nini. Inasema dakika ngapi."

"Mwache mama aendeshe!" Harlan alipaza sauti kutoka katikati ya viti, na ukumbi mzima ukagonga miguu kwenye mbao, mara moja, kwa pamoja. Curtis akarudi nyuma kitini.

"Dakika ya kumi na tisa," alisema Verna. "Lori la magogo. Liko mbele yangu. Mnaijua ile sehemu, kona na kona, huoni mbele. Napiga honi. Haliwezi kupisha, hakuna pa kupishia, simlaumu dereva. Tuko nyuma yake. Dwight ametoka jasho mpaka kiti kimelowa. Bado tuko nyuma yake."

Walikaa nyuma ya lile lori dakika saba nzima, ukumbi wote. Mzee mmoja safu ya tatu alikuwa akibonyeza mguu wake sakafuni, akikanyaga mafuta bila kujua. Rhonda Uhlmann, karibu na mlango, alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Hata wale wa Tarrowmere mmoja wao alikuwa ameweka simu chini.

"Ishirini na sita. Nalipita kwenye kona, juu ya mstari wa njano, pasiporuhusiwa kupita. Dwight anasema, 'Verna, utatuua.' Alikuwa anatania. Thelathini. Ananiomba nifungue dirisha. Nafungua. Anasema, aa, hapo sawa." Akanyamaza, na alipoanza tena sauti ilikuwa imepungua, watu wakainama mbele ili wasikie. "Thelathini na nne. Daraja la kijito cha Tolley. Mkono wake ulikuwa gotini kwangu, ukateleza. Nikasema Dwight. Nikasema Dwight."

Keesling aliinua mkono. Alikuwa na sauti nzuri, ya upole, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. "Mwenyekiti, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Naomba mzungumzaji afafanue. Je, anadai kwamba mteja wangu ndiye aliyesababisha kifo cha mumewe?"

Lilikuwa swali la kumvuta ulimi, na kila mtu aliuona mtego ulivyotegwa wazi kama sahani mezani. Aseme ndiyo, bima imekwenda. Aseme hapana, itaandikwa kwamba mjane mwenyewe amekana. Rhonda alitikisa kichwa kwa nguvu kule mlangoni, usijibu, usijibu.

"Bwana, mimi nasema habari za barabara," alisema Verna. "Kutoka darajani hadi Carrick ni dakika kumi na saba. Niliziendesha. Nilikuwa nikimwongelesha njia nzima, maana nilidhani labda anasikia. Hizo kumi na saba sina cha kuwaambia. Naomba tuzikae."

Na wakazikaa.

Mwanzoni Verna alitazama saa. Kisha macho yakachoka, yakashuka, yakatua kwenye meza ya katibu. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa imegeukia upande wa katibu, kichwa chini kwa Verna. Hakukusudia kuisoma. Macho yake yalisoma yenyewe, kama yalivyosoma vikadi maisha yake yote. Juu ilikuwa na muhuri wa bodi na tarehe ya leo. Chini yake: Bodi, baada ya kuwasikiliza wananchi kwa makini na kwa huzuni, imeridhia kwa kauli moja kufungwa kwa idara ya dharura. Na sehemu tano za saini. Karatasi ilikuwa imechapwa, imekauka, imetobolewa matundu tayari kuingia kwenye faili. Walikuwa wameshawasikiliza kwa makini tangu asubuhi.

Verna alihisi damu ikimpanda kichwani. Dakika ya arobaini. Alimtazama Curtis Lathem, na Curtis akatazama dari. Wote walijua. Walikaa pale na nyuso za msiba huku msiba wenyewe wameshauandika. Na yeye alikuwa amekwenda nyumba kumi na sita kuomba dakika za watu, watu wenye kazi zao, akawaleta hapa wasikilizwe na karatasi.

Alifikiria friji yake. Mlangoni mwa friji kulikuwa na chupa nne za insulini, zimesimama karibu na siagi. Akikaa kimya zitafuatiwa na nyingine, miaka mitatu, salama salimini. Aende nyumbani, ameshasema, kila mtu mle ndani ameshaelewa. Hakuna angemlaumu. Dakika ya arobaini na nne. Aliogopa, niseme wazi, maana yeye anajua mwili wake unavyokuwa siku mbili tu bila dawa. Dakika ya arobaini na saba. Ukumbi ulikuwa kimya hivi kwamba ile saa ya ukutani ilisikika ikinguruma.

Dakika ya arobaini na tisa na nusu taa ikageuka njano.

"Thelathini na mmoja," alisema Verna, na watu wakashtuka kuisikia sauti. "Miaka thelathini na mmoja nimesoma vikadi kichwa chini. Kwa hiyo nimesoma ile karatasi pale." Akanyoosha kidole. Katibu aliifunika kwa kiganja, na kwa kuifunika akaithibitisha. "Inasema mmeshakubali, kwa kauli moja, baada ya kutusikiliza kwa makini. Imechapwa kabla hatujafika. Haya, bwana Keesling, sasa nakujibu swali lako, uandike vizuri. Ndiyo. Tarrowmere walifunga ule mlango ili wapate zaidi, na bodi hii ikawaacha, na seneta akaja akala pai zetu akawaacha, na mume wangu akafa darajani akiwa na miaka sitini na nne. Mngekuwa mmeuacha wazi ningekuwa naye nyumbani leo ananiudhi. Ndiyo. Ndiyo walimuua. Na mimi nikawabandikia karatasi."

Taa nyekundu. Curtis aligonga nyundo, akagonga tena, lakini hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Watu walikuwa wamesimama tu, ngazi zote, wamenyamaza, wanawatazama wale watano. Hilo lilikuwa baya kuliko kelele, maana kelele ungeweza kuziitia polisi.

Ikapigwa kura. Lathem, ndiyo. Wa pili, ndiyo, akitazama meza. Wa tatu na wa nne, ndiyo. Wa tano alikuwa daktari wa mifugo, mzee Amburgey, ambaye katika miaka minane ya bodi hakuna aliyemsikia akitofautiana na mtu. Alikaa muda, akavua miwani.

"Hapana," alisema. "Na nilikuwa nimekuja kusema ndiyo."

Basi, nne kwa moja, imepita. Katibu alichukua kalamu akaikata ile "kwa kauli moja" kwa mstari uliokwenda upogo. Hicho ndicho walichokipata watu wa Ebbert kwa jioni nzima, maneno matatu yamekatwa kwa kalamu. Harlan alitema mate kwenye sakafu ya ukumbi iliyong'arishwa, jambo ambalo angemchapa mwanawe kwa kulifanya.

Nje, jua lilikuwa bado juu ya vilima. Keesling alimfikia Verna karibu na pikapu, daftari chini ya kwapa. Hakuonekana kufurahi, tumpe haki yake.

"Bi. Stallcup. Unaelewa ulichokifanya mle ndani?"

"Naelewa."

"Nilikupa nafasi. Ulishaliepuka swali. Ungeweza kwenda nyumbani."

"Verna Jean Stallcup," alisema Verna. "Nambari mia nne na kumi na mbili, barabara ya Sawmill. Tarishi anapita saa sita mchana. Barua yenu msiiache kwa jirani, nileteeni mlangoni."

Keesling aliandika, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akafunga daftari, akageuka aende zake, na akamkuta Rhonda Uhlmann amesimama mbele yake, amekumbatia mkoba kifuani, uso mweupe kama karatasi. Nyuma yake watu walikuwa wakitoka ukumbini kimya kimya, na wa mbele walisimama.

"Rhonda, nenda nyumbani," alisema Verna kwa ukali. "Mtoto wako. Usiwe mjinga."

Rhonda hakumtazama. Alikuwa akimtazama wakili, na alianza kama anavyopaswa kuanza kila anayesimama mbele ya bodi.

"Rhonda Kay Uhlmann. Nambari ishirini na saba, barabara ya Kanisa. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo Jumamosi ile. Nilikuwa ndani, wodi ya juu. Kutoka dirishani nilimwona Verna akivuta mlango. Nilikuwa nimeambiwa yeyote atakayeufungua atafukuzwa, nikasimama pale na ufunguo mkononi mpaka gari likaondoka."

Keesling alibaki ameshika daftari lililofungwa.

"Fungua," alisema Rhonda. "Andika."